Uzito wa gunia katika filamu isiyo na msimulizi

Husemwa mara nyingi kwamba filamu ya hali halisi isiyo na msimulizi humwachia mtazamaji aamue mwenyewe. Sikubaliani. Maneno yakiondolewa, mhariri ndiye anayebaki na hoja, na hoja yake ni mpangilio wa picha. Kuupinga mpangilio huo ni kazi zaidi kuliko kupinga sentensi, kwa sababu haujitangazi kuwa ni hoja. Tazama Baraka, filamu ya Ron Fricke ya mwaka 1992, iliyopigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70 katika nchi 24, bila mazungumzo wala msimulizi. Katika sehemu yake mashuhuri vifaranga wa njano wanapita juu ya ukanda wa kiwanda, mikono inawachambua, midomo yao inaunguzwa. Mara picha inakatwa, na wafanyakazi wa Tokyo wanamiminika kwenye ngazi za umeme na ndani ya treni. Watu hao wamerekodiwa kwa fremu chache zilizoachana, hivyo zikichezwa kwa kasi ya kawaida wanatiririka kama maji na hakuna uso unaobaki machoni. Hakuna aliyetamka kwamba binadamu anajitendea vile anavyowatendea viumbe wengine, lakini kila aliyeitazama filamu ameambiwa hivyo.

Ustadi huo ni mkubwa, na una gharama yake. Mpangilio wa Baraka unawagawa wanadamu makundi mawili. Upande mmoja wako watu wa msitu na mbuga: Wakayapo wa Brazili wanatutazama kimya katikati ya majani, Wamasai wanaruka na kuimba. Upande wa pili wako watu wa jiji na mashine. Mti mkubwa unapoangushwa kwa msumeno wa mashine, sauti ya msumeno ndiyo inayotawala. Aliyeushika tunampita haraka, na wala hatujui jioni atakula nini. Mmasai tunamkumbuka kwa ngoma, ilhali uhusiano wake na nyika umo katika kuchunga, katika kutafuta maji, katika kuhesabu ng'ombe baada ya kiangazi. Kwa hiyo asili inageuka kuwa mahali ambapo watu wazuri husimama na kutazama, na kazi inageuka kuwa ugonjwa wa mjini. Mgawanyo huo hausimami hata siku moja katika vilima vya Lubero, mashariki mwa Kongo. Luofu, na kote kuelekea Butembo na Beni, mtu yuleyule hulima maharagwe, hupanda mikaratusi kwenye mteremko, huikata, hupasua mbao, huchoma makala na kuyasukuma kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hadi sokoni. Uhusiano wake na asili ni kazi, na kazi ina uzito na muda. Filamu isiyovionyesha hivyo viwili haijaonyesha uhusiano huo, hata mawingu yake yawe mazuri kiasi gani.

Njia nyingine ya kupunguza maneno imekwisha kujaribiwa hapahapa Kongo. Emmanuel Gras, Mfaransa, alimfuata mchoma makala mmoja wa kijiji kilicho karibu na Kolwezi katika filamu iitwayo Makala, ya mwaka 2017. Si bubu kabisa, maana mtu huyo anazungumza na mkewe na kupatana bei na wanunuzi. Lakini haina msimulizi, haina mahojiano, na sehemu zake kubwa hazina neno. Anautafuta mti, anaukata kwa shoka, anajenga tanuru la udongo, anafungasha, kisha anaisukuma baiskeli iliyolemewa na magunia kwa takriban kilomita 50. Gras alishika kamera mwenyewe, na jambo la kwanza la kuangalia ni mahali alipoiweka: karibu, kwa kimo cha mtu anayetembea, mara nyingi nyuma ya mgongo unaosukuma. Jambo la pili ni kwamba hakufupisha. Shoka linapiga, linapiga tena, na mti haujaanguka. Mtazamaji anaanza kujua unene wa shina kwa masikio yake. Barabarani malori yanapita na vumbi lao, na pumzi ya mtu inasikika juu ya mlio wa magurudumu. Baraka inazunguka dunia nzima kwa muda wa kama dakika 96; Makala, kwa urefu huohuo, inatoka msituni hadi mjini tu, na mimi naona hii ya pili ndiyo iliyosema zaidi juu ya mtu na mti.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: bila maneno, sababu hupotea. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti, na bado watu wake wanapikia makala. Mtazamaji wa mbali aweza kutoka akimlaumu mwenye shoka, asiulize utajiri wa chini ya ardhi umekwenda wapi. Nakubali nusu. Malori yanayomfunika vumbi msukuma baiskeli yanasema kitu, ila hayasemi ni ya nani. Na kwetu Lubero shida ni kubwa zaidi, kwa kuwa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, inapakana na mashamba ya watu. Gunia la makala ya mkaratusi uliopandwa na baba wa familia na gunia lililotoka ndani ya hifadhi, yakiwa juu ya chukudu, kamera haiyatofautishi. Ndiyo maana filamu ya Virunga ya Orlando von Einsiedel, ya mwaka 2014, ilihitaji maneno, maandishi na hata kamera za siri: ilikuwa inashughulika na kampuni ya mafuta, na anayeshtaki lazima ataje jina. Filamu bila maneno haifai kwa mashtaka. Inafaa kwa kupima kazi.

Hata hivyo, picha inaweza kueleza chanzo cha gunia ikiwa mpigaji atarudi mahali mti ulipokatwa. Mikaratusi ya kupandwa husimama kwa mistari, na ikikatwa kisiki chake huchipua tena. Mbinu ileile ya fremu zilizoachana, ambayo Fricke aliitumia kwa mawingu, nyota na magari, ingewekwa mbele ya kisiki kwa miezi, tungeona shina jipya likipanda na mwenye shamba akija kupunguza machipukizi. Na pale ambapo mti wa zamani umekatwa bila kupandwa mwingine, tungeona hilo pia. Hapo ndipo tofauti ya shamba na hifadhi ingeonekana kwa macho. Atakayesema kwamba mtazamaji hawezi kuvumilia mwendo wa polepole namna hiyo, ajue kwamba Makala haikuondoa dakika za shoka wala za barabara, na mwaka 2017 ilipewa tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes.