Tazama Nyumba Kabla ya Buibui

Tarantula wa rangi ya chungwa wa milima ya Usambara, Pterinochilus murinus, ana jina kubwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Wamemzalisha huko kizazi baada ya kizazi. Huku Mwananyamala, Dar es Salaam, ukimtaja tu, mtu anainama kuvua kandambili. Huyu ni mkazi wa nusu kwa nusu, vichakani na ardhini. Anayeishi mitini hasa ni nduguye, Encyocratella olivacea, mweusi mwenye rangi ya zeituni, naye ni wa Tanzania vilevile. Mtaalamu wa buibui Strand alimwandika mwaka 1907, akasahaulika, hadi mwaka 2003 mtafiti Richard Gallon alipomtangaza kwa jina jipya kabisa. Miaka miwili baadaye ikabainika ni yuleyule wa zamani.

Mgeni wa fani hii ya kufuga tarantula hukimbilia rangi. Rangi haisemi kitu, maana hata mgonjwa hung'aa. Mimi hukagua hariri kwanza. Buibui wa mitini aliyetulia hutanda bomba lililosimama wima nyuma ya gome au ndani ya mwanzi, mdomo wake umepanuka kama wa tarumbeta. Utando mzuri ni mweupe, umekaza, na safi; mabaki ya chakula yametupwa chini, mbali na mlango. Ukikuta nyuzi chache zilizolegea na mwenyewe amejibanza kwenye kona tupu ya kifuniko, hajakubali kuwa hapo ni kwake. Akishuka na kukaa juu ya kibakuli cha maji siku nzima, pamemkaukia. Akiganda kwenye matundu ya hewa, ndani kunanuka.

Hapo kwenye hewa ndipo wengi wa Dar wanapoanguka, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanahangaika na vipasha joto. Sisi joto tunalo la kugawa. Kinachotusumbua ni unyevu uliotuama, hasa masika. Kisanduku kizuri ni kirefu kwenda juu kuliko upana wake, kina matundu pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na mlango wake uko ubavuni. Mlango wa juu ni kosa la fundi, maana buibui atautanda na kila ukifungua unambomolea nyumba. Kioo kikitoka jasho usiku si neno. Kikiwa bado kinatiririka saa sita mchana, kikatae. Wavu wa matundu mapana pia haufai, kucha za miguu hunasa.

Fundi wa madirisha ya aluminiamu anakutengenezea kisanduku hicho vizuri tu ukimchorea. Jiandae kwa swali: "Kaka, ya samaki hii?" Ukisema ya buibui atavuta uradi, kisha atakukumbusha pango la Thaur na buibui aliyemstiri Mtume, na kazi itaendelea. Ukiipokea, ingiza pua ndani. Silikoni mbichi hunuka siki. Harufu hiyo isipokwisha, usiweke kiumbe.

Sasa mwenyewe. Tumbo liwe sawa na kifua au limezidi kidogo. Lililosinyaa lina kiu. Lililovimba kupita kiasi likianguka kutoka juu hupasuka, na huyu ni mpandaji. Miguu iliyokunjamana chini ya mwili ni habari mbaya, kwani buibui huinyoosha kwa msukumo wa maji ya mwili, na maji yakipungua msukumo hauna nguvu. Aliyelala chali, kinyume chake, mwache kabisa: anajivua gamba. Mguu mmoja uliopotea si kasoro, huota tena gamba likivuliwa. Mwembamba mwenye miguu mirefu na vindoana kwenye miguu ya mbele ni dume aliyekomaa. Anapendeza, ila hana muda mrefu, wakati jike huweza kupita miaka 10.

Muulize muuzaji gamba la mwisho. Mfugaji wa kweli analitunza, maana ndani yake hutafuta kifuko cha mbegu kinachomtambulisha jike. Kwa olivacea kipimo hicho hakifui dafu, jike wake hana kifuko hicho. Muuzaji anayeapa kuwa amekiona anakudanganya. Asiye na gamba wala tarehe huenda amemtoa porini, na hapo kuna sheria pia: mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na kutoa kiumbe kwenye hifadhi ya Amani huko Usambara bila kibali ni kosa. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndio wa kuulizwa kabla, si baada.

Kwenye nyumba ya kupanga, uliza jirani anapuliza dawa gani. Ya mbu au ya mende, zote humuua buibui, na mende wa chooni huenda ameshainywa; lisha panzi na mende uliowafuga mwenyewe. Na muuzaji akimtoa na kumtembeza mkononi ili kukuonyesha upole wake, funga safari. Tarantula wa Afrika hana nywele za kuwasha kama wa Amerika, silaha yake ni meno, na yule wa Usambara akikuuma misuli hukaza na maumivu hayatoki siku hiyohiyo.