Rosa Mistika na Shule za Mpakani

Riwaya ya kwanza ya E. Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyoeleza waziwazi mambo ya mapenzi na utoaji mimba. Baadaye ilikubaliwa, ikafundishwa katika shule za sekondari. Je, marufuku hayo yalimkinga mwanafunzi na nini? Katika makala haya twalipima swali hili kwa hali ya shule za Busia na Malaba, upande wa Kenya.

Watetezi wa marufuku hudai kwamba riwaya ya namna hii hufunza uovu. Dai hilo linapuuza chanzo cha maanguko ya Rosa. Zakaria, baba yake, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na kumtenga na wavulana bila kumweleza lolote. Binti anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, uhuru unamkuta hajaandaliwa. Shule inayoificha riwaya hii inarudia kosa la Zakaria.

Busia na Malaba kosa hilo lingeonekana upesi zaidi. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda husubiri mpakani, na kandokando ya barabara pana vilabu vya pombe na nyumba za kulala wageni. Msichana apitaye hapo kwenda shuleni hahitaji riwaya ili ajue kuwa mambo hayo yapo. Barabara humwonyesha tukio; riwaya humfuatishia chanzo chake na matokeo yake.

Hata hivyo, riwaya yenyewe ina kasoro. Rosa analipa kwa uhai wake, ilhali wanaume waliomtumia hawatozwi gharama kama hiyo. Msomaji mchanga aweza kudhani kwamba lawama yote ni ya msichana. Lakini kasoro hii ndiyo hoja kubwa ya kuifundisha: kitabu kilichokatazwa husomwa kwa siri, pasipo mwalimu wa kuuliza wanaume hao wako wapi.

Hatusemi kila kitabu kinafaa kila rika. Rosa Mistika isomwe katika madarasa ya juu, na mwalimu aandaliwe kuijadili bila kuona haya. Hadhari ya namna hiyo ina manufaa kwa mwanafunzi wa mpakani kuliko kabati lililofungwa.