Kipimo kilichosikika: ufundi wa ushairi wa Kigiriki cha Constantinople

Tenzi za Homer zilipimwa kwa urefu wa irabu: silabi ndefu na fupi zikipangwa kwa kanuni maalumu. Kufikia karne ya 6, sikio la mtu wa Constantinople lilikuwa halitofautishi tena ndefu na fupi. Kilichosikika ni mkazo tu. Walimu waliendelea kufundisha kanuni ya kale kana kwamba hakuna kilichobadilika, na mshairi aliyetaka kusifiwa na wasomi aliifuata. Kanisani hali ilikuwa tofauti, kwa sababu utenzi wa ibada unasikilizwa na kila mtu.

Romanos, mzaliwa wa Emesa (Homs ya leo, Syria) aliyekuwa shemasi Beirut kabla ya kuhamia Constantinople, alijenga tenzi ndefu ziitwazo kontakio. Huanza na ubeti mfupi wa utangulizi wenye mizani yake, kisha hufuata beti zinazofanana, zote zikiishia kwenye kituo kimoja. Ubeti wa kwanza kati ya hizo ndio kipimo. Kila mshororo wa beti zinazofuata sharti ulingane na mwenzake wa kwanza kwa idadi ya silabi, na mikazo mikuu iangukie palepale, la sivyo maneno yataachana na sauti moja inayoimbiwa beti zote. Malenga wa Kiswahili hana mzigo huu wa pili, kwani mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wa Kigiriki unaweza kuangukia yoyote kati ya silabi tatu za mwisho, kwa hiyo kuhesabu mizani peke yake hakutoshi.

Juu ya hayo Romanos alijifunga kamba nyingine. Herufi za mwanzo za beti, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, hutoa sahihi yake. Katika utenzi wake maarufu wa Krismasi zinasema kwa Kigiriki kwamba huu ni utenzi wa mnyenyekevu Romanos. Maneno hayo yana herufi 24, nazo beti ni 24. Urefu wa kazi uliamuliwa na sahihi, na bado masimulizi hayalegei. Nauona huu kuwa ufundi wa juu kabisa katika Kigiriki cha zama zile.

Huko ikulu, Georgios wa Pisidia alisifu vita vya mfalme Herakleios katika karne ya 7 kwa mshororo wa silabi 12. Ulitokana na kipimo cha kale, lakini mkazo wake ulizidi kutulia kwenye silabi ya 11, mahali ambapo sikio liliweza kuushika. Kassia, mtawa wa karne ya 9, aliutumia kuwasema wapumbavu na kuwasifu marafiki wa kweli. Mkono huohuo uliandika wimbo wa mwanamke mwenye dhambi, unaoimbwa katika Juma Kuu hadi leo. Wimbo huo una sauti yake wenyewe, hivyo Kassia hakulazimika kulinganisha beti, na sentensi zake zinatembea kwa uhuru.

Kipimo kilichokuja kutawala ni cha silabi 15: nane, pumziko dogo, kisha saba, na mkazo wa lazima kwenye ya 14. Aliyezoea mizani 16 za shairi letu, nane kwa nane, ataona jinsi kipande cha pili kinavyokatika mapema. Simeoni Mwanatheolojia Mpya alikitumia kuzungumza na Mungu, msomi Mikaeli Psellos akamfundishia mwana wa mfalme sheria, na katika karne ya 12 Konstantinos Manasses akasimulia historia ya dunia kwa mishororo zaidi ya 6,000.

Kwa hiyo mpaka wa dini na dunia haukupita kwenye mizani. Zipo hata nyimbo za ibada, zinazohusishwa na Yohana wa Damasko, zilizotunza irabu ndefu na fupi za kale kwa ukali kuliko washairi wengi wa ikulu. Ni kazi ya kustaajabisha, ila sehemu kubwa ya ufundi wake huonekana kwa macho tu. Silabi 15 ndizo zilizodumu: Erotokritos, utenzi mrefu wa Krete, umeandikwa kwa kipimo hicho, na nyimbo nyingi za jadi za Ugiriki huimbwa kwacho mpaka sasa.