Jambojet: Jamani, Panga Boi Hili!

Nimelipanda, watu wa Gatete kwetu Burundi! Dash 8-400 ya Jambojet, Nairobi hadi Mombasa, kama saa moja tu angani, na hadi sasa sijaacha kulihadithia. Jirani zetu wa Tanzania waliwahi kuzicheka ndege za aina hii. Air Tanzania ilipopokea mbili Septemba 2016, mtaani zikabatizwa panga boi, yaani feni, kwa sababu ya yale mapanga yanayozunguka nje. Wacheke wapendavyo! Injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja nguvu ya farasi 5,000 na ushei, mapanga sita kila upande, mwendo unaofika kilomita 660 kwa saa. Feni gani hiyo?

Ombeni kiti cha dirishani karibu na injini. Bawa la ndege hii liko juu ya madirisha, kwa hiyo gurudumu unaliona kwa macho yako: linaiacha lami, mguu unajikunja kurudi nyuma, unaingia kwenye tumbo la injini, milango midogo inajifunga pap! Nilipiga makofi. Dada niliyekaa naye akanitazama kama mgonjwa, shauri yake. Kelele zipo, hasa safu zilizo sambamba na mapanga, lakini ukikaa upande wa kulia na mawingu yakikuhurumia, Kilimanjaro hiyo hapo, na kelele unazisahau.

Ndani ni viti viwili huku, viwili kule, hakuna wa kubanwa katikati. Jumla 78, vyote daraja moja. Air Tanzania ndege hiyo hiyo ina viti 76, maana imewatengea wakubwa nafasi yao. Unafuu wa nauli unaanzia hapo. Soda ukiitaka unanunua. Nauli ya chini kabisa inakubeba wewe na mkoba wa kilo 7. Sanduku lina bei yake, na mawese ya mama mkwe yabaki Rumonge. Wapo wanaouita ubahili. Mimi naona ni haki: kwa nini asiye na mzigo amlipie mwenye mizigo mitatu?

Kampuni yenyewe ni binti wa Kenya Airways. Ilianza kuruka Aprili 2014 kwa nauli ya kuanzia shilingi 2,850 za Kenya, ikitumia Boeing 737 za mama yake, kisha ikahamia kwenye mapanga. Hesabu iko wazi: kwenda Kisumu au Ukunda, jeti haijamaliza kupanda inaanza kushuka, na mafuta yameshaliwa. Fastjet ilishusha nauli Dar es Salaam mapema zaidi, Novemba 2012, kwa shilingi 32,000 za Tanzania ndani ya Airbus A319. Watu walifurika, lakini mwisho wa 2018 safari zake za Tanzania zikakoma. Kujaza jeti kubwa kila siku si mchezo.

Na sisi Warundi? Tulikuwa na shirika letu, lililozaliwa 1971 kwa jina la STAB, likaitwa Air Burundi 1975, likaacha kuruka 2009. Serikali ikaanzisha Burundi Airlines 2021. Mwaka huo huo, Septemba, Jambojet ikafika Goma, kabla vita havijaharibu mambo. Sasa shikeni ramani: Nairobi hadi Goma ni kama kilomita 850, na Bujumbura haizidi hapo kwa mengi. Uwanja wa Melchior Ndadaye una njia ya mita 3,600. Ndege hii, usawa wa bahari, inaruka kwa mita 1,400 hivi! Itabaki na nafasi ya kucheza.

Basi njooni Bujumbura, Jambojet. Barabara ya taifa namba 3 kutoka Rumonge tunaijua, magari ya Probox yapo, na kilo saba tutazipima wenyewe nyumbani.