"Minister": Mpishi, Mchungaji na Waziri

Vijitabu vya mwongozo wa fasihi vinavyouzwa mitaani vina ugonjwa mmoja. Kila neno la Kiingereza linapewa neno moja la Kiswahili, basi, mwanafunzi akariri. "Minister": waziri. Yamekwisha. Halafu mwanafunzi huyohuyo anafungua riwaya ya Nathaniel Hawthorne, The Scarlet Letter, ya mwaka 1850, anamkuta "minister" karibu kila sura, na anabaki kushangaa: huyu waziri mbona yuko mimbarini, na wizara yake ni ipi?

Ndugu msomaji, nina jambo moja la kusema. Neno hilo ni jina la mtumishi. Lilipanda cheo, likaketi karibu na wafalme, lakini halikuvua nguo zake za utumishi. Waandishi wakali wa Kiingereza wanaijua siri hiyo, na kejeli zao nyingi zimejificha humo. Mfasiri anayekimbilia "waziri" bila kufikiri anaizika kejeli ingali hai.

Tuanzie mbali kidogo, sitachelewa. Kwa Kilatini, minister alikuwa mtu wa chini, mhudumu wa mezani au msaidizi wa kuhani. Limetokana na minus, yaani pungufu. Mwenzake ni magister, lililotokana na magis, yaani zaidi. Huyo ndiye bwana, mkuu, mwalimu. Kutoka kwa magister Waingereza walipata "master", na "master" likalegea kinywani likawa "mister". Kwa hiyo mtu anaposimama ukumbini akaanza "Mister Minister", kwa asili ya maneno anasema "Bwana Mkubwa Mtumishi". Nani anacheka? Hakuna, wote wamesahau. Yupo na jamaa mwingine wa ukoo huo, "minstrel", yule manju wa zamani aliyeimba katika nyumba za wakubwa. Naye alianza kama mtumishi wa nyumba. Sisi tunaoandika tusijione tuko mbali sana na mawaziri. Kumbe ni mabinamu.

Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, bado inalitumia neno kwa maana yake ya chini. Katika Luka sura ya 4, Yesu akimaliza kusoma katika sinagogi anamrudishia chuo "minister". Huyo si waziri wala si mchungaji, ni mhudumu tu wa pale. Katika Warumi sura ya 13, mtawala mwenye upanga naye anaitwa "minister" wa Mungu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeandika mtumishi kwa yule wa sinagogi, na mtumishi tena kwa yule wa upanga. Mimi naona hapo wafasiri walifanya kazi ya kiume. Hawakumtazama mtu ameshika nini mkononi.

Sasa turudi kwa Hawthorne. Waprotestanti wa Kiingereza, hasa wale wakali walioitwa Wapuritani, hawakupenda kumwita mchungaji wao "priest". Kwao neno hilo lilinuka Roma, lilinuka kuhani anayesimama kati ya mtu na Mungu wake. Wakachagua "minister", mtumishi, ili asijikweze. Arthur Dimmesdale, mchungaji wa Boston katika karne ya 17, amezaa na Hester Prynne kisha amenyamaza, huku mwanamke akiibeba fedheha peke yake, imeshonwa kifuani. Mara nyingi mwandishi hamwiti Dimmesdale kwa jina lake. Anamwita "the minister" tu. Kadiri anavyooza ndani ndivyo waumini wanavyomwinua, mpaka siku gavana mpya anapoingia madarakani ni yeye anayehubiri na ni yeye anayeshangiliwa. Mtumishi amempita gavana.

Lakini tazama upande wa pili. Hester, ambaye hana cheo na watoto wanamrushia matope, ndiye anayekesha na wagonjwa na kuwapa maskini. Kiingereza kina kitenzi cha kazi hiyo, nacho ni hichohicho: "to minister", yaani kuhudumia, kuuguza. Jina amelichukua mwanamume, kazi anafanya mwanamke. Sijaona mwongozo hata mmoja uliogusa jambo hili, na kwangu ndilo linalofanya riwaya ile istahili kusomwa pamoja na maelezo yake marefu ambayo, tuseme ukweli, yanachosha. Ukiandika "mchungaji" unapata maana ya kanisa lakini unapindua picha, kwa kuwa mchungaji ana fimbo na kondoo wako chini yake. Mimi ningeandika "mtumishi". Walokole wetu wanaosalimiana "Bwana asifiwe, mtumishi" wangeelewa bila kuuliza.

Shakespeare alicheza mchezo huohuo ndani ya tamthilia moja. Katika Macbeth, mke wa Macbeth anawaita pepo wanaohudumia mauaji waje waingie mwilini mwake, na neno ni "ministers". Mwishoni mwanamke huyohuyo amerukwa na akili, anatembea usingizini, na Macbeth anamuuliza tabibu kama hawezi kuitibu akili iliyougua. Kitenzi ni "minister". Aliwaita wahudumu wakaja; sasa anatafutiwa mhudumu mwingine hapatikani. Anayefasiri sehemu ya kwanza kwa "mawakala" na ya pili kwa "kutibu" hajakosea kamusi, ila ameukata uzi. Ningejaribu kuuguza pande zote mbili: pepo wanaoyauguza mauaji, na tabibu asiyeweza kuiuguza akili. Atakayepata neno bora aandike, gazeti hili si la mtu mmoja.

Hao walikuwa Wazungu katika lugha yao wenyewe. Ninayempenda zaidi ni mtu aliyelipokea neno hili kutoka kwa wakoloni akalivua nguo hadharani: Chinua Achebe, katika A Man of the People. Kitabu kilitoka Januari 1966, mwezi uleule wanajeshi walipofanya mapinduzi Nigeria, na Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa akauawa. Watu wamekwisha kuandika sana kuhusu utabiri huo. Mimi nataka kahawa.

Chief Nanga, Waziri wa Utamaduni, amemfikisha Odili, mwanafunzi wake wa zamani, nyumbani kwa waziri mwenzake, Chief Koko. Koko anakunywa kahawa, anahisi ladha ngeni, anaruka akipiga kelele kwamba amewekewa sumu. Nyumba inatetemeka. Mpishi anaitwa. Kumbe kahawa ya kopo kutoka ng'ambo ilikwisha, mpishi akachemsha kahawa ya nchini, ileile ambayo serikali ya akina Koko inawahimiza wananchi wainywe. Kampeni yenyewe imepewa herufi OHMS, kwa maana ya bidhaa zetu za nyumbani. Lakini kila aliyewahi kupokea barua ya serikali wakati wa Mwingereza anazijua herufi hizo: zilipigwa juu ya bahasha, maana yake ni katika utumishi wa Malkia. Mpishi, ili aokoe maisha yake, anamimina kikombe na kukinywa mbele ya bwana wake.

Haya, chumbani mna "ministers" wangapi? Wawili kwa cheo. Mmoja kwa kazi, na huyo ndiye anayemhudumia mwenzake mezani, kama neno lilivyotaka tangu Roma. Mwenye cheo anamwogopa mwenye kazi. Na kilichomtisha ni nini? Ladha ya nchi anayodai kuitumikia. Ukitafsiri "waziri na mpishi wake" umepata kichekesho, sikatai. Ila ile kengele ya ndani, ya mtumishi anayemshuku mtumishi chini ya herufi za utumishi, haitalia.

Kuna na utani wa zamani wa Nanga. Alipokuwa mwalimu, herufi za jina lake, M.A., zilichezewa kuwa ni shahada pungufu ya nafasi, na neno la Kiingereza hapo ni "minus". Shahada ya "master" yenye "minus" ndani yake! Kama Achebe alikusudia au hakukusudia hainipi shida, maneno yenyewe yanakumbukana. Baadaye Nanga, mlezi rasmi wa utamaduni, anakwenda kufungua maonyesho ya vitabu bila kumjua mwandishi maarufu kuliko wote nchini mwake, kisha anamkaripia kwa mavazi yake. Waandishi vijana, someni hapo mara mbili. Kasoro ninayoiona ni Odili. Anatueleza mno, kila baada ya tukio lazima atoe hotuba. Kahawa ilijitosheleza.

Wapo watakaosema Mwingereza wa kawaida hakumbuki Kilatini, kwa hiyo hizi ni mbwembwe za kamusi. Hapana. Kitenzi kingali hai, na kanisa lake bado linaliita neno kila Jumapili. Hata wanasiasa wao walilionea haya zamani. Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza tangu 1721, alikana hadharani kuwa na cheo hicho, maana kuitwa "prime minister" wakati ule kulikuwa kama tusi: mtumishi anayejifanya bwana.

Na "waziri" wetu? Amepita njia nyingine kabisa. Wajuzi wa Kiarabu humhusisha na wizr, mzigo. Ni mtu anayemsaidia mkubwa kubeba. Katika Kurani, sura ya Twaha, Musa anamwomba Mungu ampe waziri kutoka katika watu wake, nduguye Harun. Katika Alfu Lela U Lela, baba yake Shahrazadi ni waziri, na mzigo wake ni kutimiza amri za mfalme muuaji. Neno zuri, zito, lakini halina udogo ndani yake. Analobeba waziri ni la sultani, si la mpishi. Ndiyo maana haliteremki. Katiba ya Kenya ya 2010 iliondoa "minister" katika Kiingereza cha serikali, na walioapishwa mwaka 2013 wakaitwa "Cabinet Secretary". Kwa Kiswahili redio ziliendelea kuwaita mawaziri kana kwamba hakuna kilichotokea. Nani angethubutu kumwita mkubwa katibu?

Neno letu la utumishi tunalo, nalo lina upana wa kutosha. Mtumishi wa ndani, mtumishi wa umma, mtumishi wa Mungu, wote ni watumishi. Katika riwaya ninayoiandika nina mhusika mwenye cheo hicho, na nimemwita Waziri kwa kuwa sikuona namna nyingine. Dereva wake ni mtumishi, mpiga chapa wake ni mtumishi, msichana wa kazi nyumbani kwake ni mtumishi. Katika sura ya tatu barua inabandikwa ukutani wizarani, imeanza na "Kwa watumishi wote". Anaipita asubuhi akielekea ofisini, wala hasimami kuisoma.