Neno "Kazi" na Mama wa Nyumbani

Katika Kiswahili cha siku hizi limo jibu moja ambalo husikika mara nyingi hata halimshangazi mtu tena. Mama anayekaa nyumbani na kulea watoto, aulizwapo kazi yake, hujibu: "Sina kazi, mimi ni mama wa nyumbani." Hujibu hivyo mbele ya karani wa sensa, mbele ya mwalimu anayemwandikisha mwanawe shuleni, na pengine mbele ya hakimu. Nakusudia katika makala haya kulihakiki jibu hilo. Dai langu ni kwamba latokana na kulifinya neno kazi mpaka likalingana na neno ajira, na kwamba ufinyu huo si jambo la kuwashughulisha wanalugha peke yao, kwa maana waweza kumpotezea mtu haki yake.

Yafaa tuanzie Ugogo, ambako jibu hilo lapambana na mambo yanayoonekana kwa macho. Nchi ya Dodoma ni kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nazo kwa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Katika nchi ya namna hiyo ugali hauanzi jikoni. Huanza katika shamba la uwele au mtama. Hupita penye kisima, au penye shimo lililochimbwa katika mchanga wa korongo lililokauka. Hupita porini penye kuni, na penye jiwe la kusagia au mashine. Ndipo ufike mekoni pamoja na mlenda wake. Katika safari hiyo yote mwenye kuonekana njiani aghalabu ni mwanamke, naye mara nyingi ana mtoto mgongoni. Mtu akisema kwamba mwanamke huyo hana kazi, hapana budi tumwulize kazi ni nini.

Mwandishi wa Ugogo, Mathias Mnyampala, alituachia mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Na Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, alieleza jinsi kila mke alivyokuwa na nyumba yake ndani ya kaya. Neno hilo kaya, ambalo limo katika Kigogo na katika lugha nyingine kadhaa za Kibantu, leo ni istilahi ya takwimu zetu za taifa. Twahesabu kaya, twamwandika mkuu wa kaya, kisha twamwuliza yule anayeifanya kaya iwe kaya kama ana kazi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Katika lugha kadhaa za Kibantu jina la kazi lina shina moja na kitenzi cha kulima: Waganda husema omulimu, na Wabemba umulimo. Kwa asili, basi, jina hilo halikutaja mshahara; lilitaja jembe na ardhi. Kiswahili kimeshika neno kazi, nalo pia ni pana. Twasema kazi ya Mungu, kazi ya shamba, kazi ya mikono. Twasema moyo unafanya kazi, na dawa imefanya kazi. Hakuna hata mmoja katika hao anayelipwa mwisho wa mwezi. Kwa kazi ya malipo tunalo neno ajira, na mwenye nayo ni mwajiriwa. Lugha, kwa hiyo, haina upungufu. Upungufu umo katika matumizi.

Hapa sina budi kutahadharisha juu ya kosa moja. Wako wanaodhani kwamba neno mjakazi maana yake ni mja wa kazi. Sivyo. Sehemu hiyo -kazi ni shina la kale lenye maana ya mwanamke, ambalo masalio yake yamo pia katika mkazamwana, yaani mke wa mwana. Mjakazi ni mja wa kike. Kufanana kwa sauti kumezaa dhana kwamba lugha ilikwisha amua tangu zamani nani ni wa kutumika. Lugha haikuamua hivyo, wasikiaji ndio walioamua.

Tupime sasa matumizi ya neno hili katika maandiko matatu ya taifa letu.

La kwanza ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Andiko hili lastahili sifa, kwa kuwa lilitamka waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Lakini Azimio hilo hilo, likitafuta nguvu inayopotea bure, liliwataja wanaume wa vijijini pamoja na baadhi ya wanawake wa mjini. Lengo lilikuwa kuwaamsha watu, na lengo hilo silipingi. Nauliza kipimo tu. Mwanamke wa kijijini alihesabiwa kuwa ana kazi kwa sababu ya jembe. Akihamia mjini, akaliacha jembe lakini akabaki na watoto, maji, chakula, wagonjwa na wazee, je, kazi yake ilibaki kijijini? Mji wa Dodoma, uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, umejaa akina mama waliovuka mpaka huo.

La pili ni Katiba. Ibara ya 25, iliyoingia pamoja na haki na wajibu wa raia kwa mabadiliko ya mwaka 1984, yaitaja kazi kuwa mzazi wa utajiri, chimbuko la ustawi na kipimo cha utu. Ni maneno mazito. Kisha yamtaka kila mtu ashiriki katika kazi iliyo halali na yenye kuzalisha mali. Msomaji mwema atasema kwamba malezi ni chanzo cha kila mzalishaji. Msomaji mfinyu atayaacha nje. Na kama kazi ni kipimo cha utu, basi anayesema "sina kazi" amejipunja zaidi ya alivyokusudia.

La tatu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 chaiagiza mahakama, inapogawa mali iliyochumwa katika ndoa, itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Neno hilo moja lilileta mgongano. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika: wengine waliona kwamba shughuli za nyumbani ni wajibu wa mke tu, wengine wakaona kwamba ni mchango. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, Mahakama ya Rufani ilikata neno kwamba utunzaji wa nyumba na familia ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Mama huyo mwenyewe hakupata sehemu aliyoiomba, kwa sababu nyingine za shauri lile. Lakini kanuni ilisimama, na wengi wamepita katika mlango alioufungua.

Msomaji ataona kwamba ubishi wote ule ulikuwa juu ya maana ya neno. Tena Mahakama za Mwanzo huendesha mashauri kwa Kiswahili, ilhali sheria hii iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na tafsiri zikahitajika. Mfasiri wa kifungu hiki anashika mizani mkononi. Na mama anayesimama mbele ya hakimu akisema "sina kazi" anatoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, bila kujua.

Wataalamu wa hesabu nao wamekuwa na mashaka yao. Kwa kanuni za hesabu za taifa za mwaka 1993 zilizotolewa na Umoja wa Mataifa, kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji, lakini kupika kwa maji hayo hayo si uzalishaji. Mama wa Ugogo, basi, huzalisha akiwa njiani na ndoo kichwani, na huacha kuzalisha akivuka kizingiti. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa dunia walirekebisha istilahi zao, wakaitenga kazi na ajira, na utumishi wa nyumbani usiolipwa ukaingia katika kazi. Walifika kwa mkutano mahali ambapo Kiswahili kilikuwapo tayari kwa maneno yake mawili.

Kuna pingamizi ambalo silidharau. Husemwa kwamba kuyaita malezi kazi ni kuyashusha, kwa kuwa mapenzi ya mama hayapimwi kwa fedha. Nakubali kwamba hayapimwi. Hata hivyo, mwalimu naye hupenda wanafunzi wake, na mganga wagonjwa wake, wala hatusemi kwamba upendo huo umewafanya wakose kazi. Heshima isiyoandikwa popote huisha siku ndoa inapovunjika, na siku hiyo ndipo hesabu hutakiwa.

Napendekeza mambo mawili. Pale tunapokusudia kazi ya malipo, katika kamusi, dodoso na fomu zetu, tuandike ajira. Na sisi tunaofundisha lugha tukome kutumia mfano wa "mama hafanyi kazi, yupo nyumbani", kwa kuwa sentensi hiyo ni sahihi kwa sarufi na ni uongo kwa maana. Wenye ujuzi zaidi wa Kigogo na wa sheria watanisahihisha nilipokosea, nami nitawashukuru. Wakati huohuo, karani atakapobisha hodi tena katika nyumba za Ugogo, amwulize mama kwanza kama ana ajira. Kisha, kwa swali la pili, amwulize tangu alfajiri amefanya kazi gani, na aandike kila atakachoambiwa.