Weah na Hesabu za Nimba

Hadi leo George Weah ndiye Mwafrika pekee aliyetwaa Ballon d'Or, mwaka 1995. Timu ya taifa ya Liberia aliichezea, akaifundisha na kuilipia jezi na tiketi za ndege kwa fedha zake. Mwaka 2001 ilikosa kwenda Kombe la Dunia ikiwa pointi moja tu nyuma ya Nigeria. Wengi huamini sifa hizo ndizo zilizompa urais. Ukizikagua kura, unaona sifa hizo zilimfikisha njiani tu.

Liberia humtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo wawili wa juu hurudiana. Mwaka 2005, miaka miwili tu baada ya kutundika daluga, Weah aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 28.3, Ellen Johnson Sirleaf akipata 19.8. Waliporudiana, mama aliruka hadi 59.4, Weah akaishia 40.6. Baadhi ya wagombea walioanguka walikuwa wamemuunga mkono Weah, lakini wafuasi wao hawakuandamana nao. Na kisomo chake kidogo kilisemwa kila kona.

Alichofanya baadaye ndicho cha kujifunza. Alirudi darasani akachukua shahada. Mwaka 2011 alikubali kuwa mgombea mwenza wa Winston Tubman, jambo gumu kwa mtu aliyezoea kuvaa utepe wa unahodha, wakashindwa. Mwaka 2014 akautwaa useneta wa Montserrado, kaunti yenye Monrovia, kwa asilimia 78, akimwangusha mtoto wa rais aliyekuwa madarakani.

Mwaka 2017 alimchukua Jewel Howard Taylor, seneta wa Bong, awe mgombea mwenza. Huyo alikuja na chama chake na kaunti yake. Ikabaki Nimba, yenye kura nyingi, iliyokuwa mikononi mwa Prince Johnson, mbabe wa vita aliyegeuka seneta. Johnson aligombea urais akaibeba Nimba duru ya kwanza, kisha akahamia kwa Weah. Wapiga kura wake wakamfuata. Weah alishinda kwa asilimia 61.5.

Mwaka 2023 Johnson alikuwa upande wa mpinzani wa Weah, Joseph Boakai, ambaye mgombea mwenza wake, Jeremiah Koung, alikuwa seneta wa Nimba. Ugumu wa maisha na tuhuma za ufisadi vilimuumiza Weah, sikatai. Hata hivyo alipata asilimia 49.36 duru ya pili, akipitwa kwa kura zipatazo elfu 20, na Nimba pekee ilimpa Boakai pengo kubwa kuliko hilo. Novemba 17, kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa, Weah alizungumza redioni akakubali kushindwa.

Huku kwetu Kenya pia jina pekee halikutosha: mwanasoka McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, aliingia uchaguzi mdogo wa jimbo la Kibra Novemba 2019 akitegemea jina na msukumo wa chama cha Jubilee. Ngome ya chama cha ODM haikutikisika: Imran Okoth alipata kura 24,636, yeye 11,230. Desemba 2024 Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, akiwa mgombea mwenza wa Hussein Mohammed. Safari hii wapiga kura walikuwa wajumbe wa soka wenyewe.